Kitulo Wakati wa Maua: Safari Ipangwe Lini?

Mwalimu wa elimuviumbe anayenuia kuwapeleka wanafunzi wake Kitulo kuona maua hukabiliwa na swali moja kabla ya yale ya nauli na chakula. Swali lenyewe ni hili: waende lini? Kalenda ya ukutani haimjibu. Maua ya porini hayafuati mihula ya shule wala sikukuu, na mwalimu akikosea kwa miezi michache tu atawafikisha wanafunzi arobaini, baada ya safari ya siku nzima, mbele ya majani makavu na upepo wa baridi. Ardhi itakuwa ni ile ile, na mimea itakuwamo. Ila itakuwa imejificha chini ya udongo.

Kitulo ni uwanda wa juu ulio kusini-magharibi mwa Tanzania, umezungukwa na milima ya Kipengere, Uporoto na Livingstone. Sehemu yake kubwa iko kwenye kimo cha kama mita 2,600 kutoka usawa wa bahari, na kilele cha Mtorwi hufikia mita 2,961. Mwingereza Frederick Elton alipita huko mwaka 1877, akavutiwa mno, na kwa muda mrefu wakati wa ukoloni ramani ziliuita uwanda huo kwa jina lake. Wenyeji walikuwa na jina bora zaidi: Bustani ya Mungu. Baada ya Uhuru sehemu ya uwanda ilifanywa shamba la mifugo la serikali, na pembezoni mwake wakulima wamelima viazi mviringo na pareto hadi leo. Mwaka 2005 eneo la kilomita za mraba 413 hivi lilitangazwa rasmi kuwa Hifadhi ya Taifa ya Kitulo. Ni hifadhi ya taifa ya kwanza katika Afrika ya kitropiki kuanzishwa hasa kwa ajili ya mimea. Wanyama wakubwa ambao watalii hukimbilia kuwaona kwingineko hawapo, na mwanafunzi aambiwe hivyo mapema ili asije akatafuta simba.

Kilichopo ni aina zipatazo 350 za mimea, na kati yake aina 45 ni okidi zinazoota ardhini. Kuna pia Kniphofia kirkii, mmea wenye shina refu lililovikwa kichwani vijiua vingi vya rangi ya manjano na machungwa, mfano wa mwenge. Kuna jamii za asta, jerani, protea, lobelia, aila ya ayarisi na aila ya yungiyungi. Baadhi ya mimea hiyo haijulikani kuota mahali pengine popote nje ya nyanda hizi za kusini.

Machipuko yaletwayo na mvua

Katika vitabu vya kiada vilivyoandikwa kwa ajili ya nchi za kaskazini, mwanafunzi husoma kwamba maua huchanua katika majira ya machipuko, baada ya kipindi kirefu cha theluji. Wasafiri wa Ulaya huenda Uholanzi kuanzia mwishoni mwa Machi hadi mapema Mei kutazama mashamba ya tulipu, na kule tarehe huweza kukisiwa kwa mwaka mzima kabla. Sababu ni kwamba joto na urefu wa mchana hubadilika sana. Katika jiji la London mchana mrefu kuliko yote huchukua zaidi ya saa 16, na mfupi kuliko yote hauzidi saa 8. Mmea unaopima urefu wa mchana hauwezi kukosea.

Kitulo iko karibu nyuzi 9 kusini mwa Ikweta. Hapo tofauti kati ya mchana mrefu kuliko yote, unaoangukia Desemba, na mfupi kuliko yote, unaoangukia Juni, ni kama saa moja tu. Saa hiyo moja si kitu cha kupuuzwa, kwa maana iko mimea ya tropiki inayoweza kuhisi mabadiliko madogo kuliko hayo. Hata hivyo kinachotawala mwaka wa Kitulo kwa nguvu zaidi ni maji. Pwani watu wamezoea mvua mara mbili, za masika na za vuli. Katika nyanda za juu za kusini msimu wa mvua ni mmoja, huanza kwa kawaida Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei. Kuanzia Juni hadi Agosti uwanda hugubikwa na baridi na ukungu, na usiku mwingine jalidi hutanda juu ya majani, yaani umande unaogeuka barafu kabla ya alfajiri. Septemba na Oktoba jua huwa kali na majani hukauka kabisa.

Baridi hiyo nayo yahitaji kuelezwa, maana iko katika nchi ambayo wageni wengi huidhania kuwa ya joto tupu. Hewa hupungua joto kwa wastani wa nyuzi 0.6 za Selsiasi kwa kila mita 100 za kupanda. Kutoka bonde la Usangu, lililo juu kidogo ya mita 1,000, hadi uwanda wa Kitulo ni kiasi cha mita 1,500 au zaidi. Mwanafunzi akifanya hesabu ataona kwamba mahali hapo pawili, ambapo juu ya ramani vimetenganishwa na upana wa kidole, hutofautiana kwa nyuzi 9 au 10. Hesabu hiyo yafaa ifanywe darasani juma moja kabla ya safari. Itasaidia kuliko onyo lolote la mwalimu kuhusu kubeba sweta.

Basi mmea unaoishi mahali penye jalidi, ukame wa miezi mitano na mioto ya nyika hauwezi kuyaacha machipukizi yake juu ya ardhi mwaka mzima. Mimea mingi ya Kitulo imepata njia moja ya kuishi: huyaficha uhai wake chini. Wengine wana viazi, wengine matunguu, wengine mashina manene yanayotambaa ndani ya udongo. Majani hunyauka na kupeperushwa, moto ukipita huteketeza makapi tu, na udongo wenye asili ya volkano huwa kama blanketi juu ya akiba iliyobaki. Akiba hiyo ni wanga na maji. Ni chakula kilichotengenezwa na majani katika mwaka uliotangulia, kikashushwa chini na kuwekwa.

Hii ndiyo sababu ya maua kufumuka kwa haraka na kwa wingi. Mvua za kwanza zikilowanisha udongo, mmea hauanzi na mbegu wala haungoji majani yatengeneze chakula upya. Ghala limekwisha jaa. Shina husukumwa juu kwa wiki chache, na maua hutoka. Jambo hili ni tofauti na lile la Namaqualand huko Afrika Kusini, ambako mwezi wa Agosti na Septemba jangwa hugeuka zulia la rangi. Kule sehemu kubwa ya maua ni ya mimea ya mwaka mmoja, inayoota kutokana na mbegu baada ya mvua za kipupwe. Mvua zikikosekana Namaqualand, mbegu hubaki zimelala na zulia halionekani. Kitulo mvua zikichelewa, maua huchelewa, lakini ghala la mwaka jana hulipia sehemu ya upungufu.

Jibu la swali la mwalimu laanza kuonekana. Maua ya Kitulo hustawi zaidi kati ya Desemba na Aprili. Lakini hayachanui yote pamoja. Aina moja hufungua wakati nyingine ndiyo kwanza inachomoza, na atakayekwenda Desemba na kurudi Machi ataona kana kwamba ametembelea nchi mbili. Hakuna juma moja ambalo huonyesha kila kitu, na mtu yeyote anayeahidi juma hilo anauza asichokuwa nacho. Desemba shule zimefungwa. Aprili mvua zaanza kuelekea mwisho na mitihani ya muhula iko karibu. Kwa shule yenye uwezo wa safari moja tu, Februari ndiyo chaguo la busara: msimu umefika katikati, mimea mingi iko juu, na wanafunzi wamekwisha tulia darasani kiasi cha kuandaliwa vyema.

Huko njiani msafiri atapita kando ya mashamba ya pareto yenye maua meupe, na si vibaya kusimama. Pareto ni ua linalolimwa, si la porini, lakini linafundisha kanuni ile ile kwa upande mwingine. Mmea huu hauanzishi matumba yake vizuri pasipo kipindi cha baridi, ndiyo maana hulimwa milimani wala haulimwi Morogoro. Dawa ya kuua wadudu inayotolewa humo hukusanyika zaidi katika vichwa vya maua, hivyo mkulima huchuma maua, hachumi majani. Mwanafunzi aliyekariri kwamba maua ni kwa ajili ya uzazi wa mimea tu atapata hapo la kuuliza.

Okidi na viazi vyake viwili

Okidi za Kitulo hazifanani na zile zinazouzwa madukani katika vyungu. Nyingi ni za jamii za Disa, Satyrium, Habenaria na Brachycorythis. Huota katikati ya majani, baadhi zikiwa hazifiki magotini, na mgeni asiyezijua aweza kuzipita akikimbilia maua makubwa zaidi. Ua la Satyrium litazamwe kwa karibu. Lina vijimfuko viwili vyembamba vinavyoning'inia nyuma kama pembe zilizoelekezwa chini. Ndani yake huwamo mbochi, yaani maji matamu ya ua. Mdudu au ndege anayetaka maji hayo hulazimika kuingiza kichwa hadi mahali maalumu, na hapo chavua humnata. Katika okidi chavua si vumbi linalopeperuka. Imefungwa katika vifurushi vyenye gundi. Mgeni huondoka na kifurushi kizima. Akilitembelea ua jingine la aina hiyo hiyo, uchavushaji hukamilika kwa mara moja, na tunda hupata maelfu mengi ya mbegu.

Mbegu hizo ni ndogo mithili ya vumbi. Hazina akiba ya chakula kama ile iliyomo katika punje ya mahindi au ya maharagwe. Mbegu ya okidi ikianguka udongoni haiwezi kuota mpaka ikutane na kuvu wa aina inayofaa, ambaye nyuzi zake huingia ndani ya mbegu na kuilisha. Bila kuvu huyo, hufa. Wengi wa maelfu hayo hufa. Wachache wanaopona hukaa chini ya udongo muda mrefu, na aghalabu hupita miaka kadhaa kabla ya ua la kwanza kuonekana. Mkulima anayedhani kwamba okidi zitapandwa shambani kama viazi vitamu hana budi kuikumbuka hesabu hii. Wataalamu wamejitahidi kuziotesha katika maabara, lakini kazi hiyo ni ngumu.

Sasa zitazamwe sehemu za chini. Okidi ya jamii hizi, wakati inapochanua, kwa kawaida ina viazi viwili. Kimoja ni cha mwaka jana, kimelegea na kukunjamana, kwa kuwa chakula chake kimetumika kulisimamisha shina. Cha pili ni kipya, kigumu na kimejaa. Hicho ndicho mmea wa mwaka ujao. Kila mwaka mmea huhama hivyo, kutoka ghala lililokwisha kwenda ghala jipya, na kwa njia hiyo huweza kuishi miaka mingi mahali pamoja.

Kiazi hicho cha pili ndicho kinachotafutwa na wachimbaji.

Chikanda

Kaskazini mwa Zambia, hasa kwa Wabemba, kuna chakula cha asili kiitwacho chikanda. Viazi vya okidi hukaushwa, hutwangwa kuwa unga, huchanganywa na karanga zilizotwangwa, pilipili, chumvi na magadi, kisha hupikwa mpaka viwe donge gumu linalokatwa vipande kama mkate. Ni chakula kitamu chenye historia ndefu, na hakuna sababu ya kukibeza. Zamani kilikuwa cha vijijini, kikichimbwa jirani na kuliwa nyumbani. Miji ilipokua, chikanda kikahamia sokoni na mezani kwa watu wengi. Okidi za Zambia zikapungua, na wanunuzi wakageukia ng'ambo ya mpaka, katika nyanda za juu za kusini mwa Tanzania.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulikadiria kwamba viazi vya okidi kati ya milioni 2 na milioni 4 hivi vilikuwa vikisafirishwa kila mwaka kutoka nyanda hizo kwenda Zambia. Kila kiazi ni mmea mmoja. Wasiwasi uliotokana na biashara hiyo ulikuwa miongoni mwa sababu kubwa za kuanzishwa kwa hifadhi ya Kitulo. Okidi zote duniani zimo katika majedwali ya mkataba wa kimataifa wa kudhibiti biashara ya viumbe walio hatarini, kwa hiyo kuzivusha mpakani bila kibali ni kosa. Lakini kiazi kilichokauka hakina ua, na si rahisi kwa ofisa wa mpakani kukitofautisha na mizizi mingine iliyomo guniani.

Katika jambo hili upo ukatili wa kimaumbile unaostahili kufikiriwa na wanafunzi. Okidi iliyolala udongoni wakati wa kiangazi haionekani; mchimbaji anaweza kuikanyaga asiijue. Inapochanua ndipo inapojitangaza. Ua lililofumwa kwa maelfu ya miaka ili limwite nyuki au kipepeo humwita na mwenye jembe. Tena humwita kabla ya mbegu kukomaa, hivyo anayechimba huondoa mmea wa mwaka huu, mmea wa mwaka ujao, na watoto ambao wangezaliwa. Mti uliokatwa huweza kuchipua kwenye kisiki. Okidi iliyonyang'anywa kiazi kipya haina kisiki.

Mchimbaji naye si adui wa kuchorwa kwa rangi nyeusi. Mara nyingi ni mtu wa kijijini, mwanamke au kijana, anayetafuta fedha za karo au za mbolea katika miezi ambayo chakula cha mwaka jana kinakwisha na cha mwaka huu hakijaiva. Miezi hiyo ndiyo hiyo hiyo ya maua. Mpaka wa hifadhi umesaidia kwa kilichomo ndani yake. Nje ya mpaka zipo nyika nyingi zenye okidi zisizo na mlinzi. Wageni wanaolipia malazi, chakula na waongozaji katika vijiji vya jirani ni sehemu ndogo ya jibu, na safari ya shule yaweza kuhesabiwa humo endapo mwalimu atanunua viazi mviringo na maziwa huko huko badala ya kuja navyo kutoka mjini.

Maandalizi

Hatua ya kwanza ni kuandika barua kwa uongozi wa hifadhi, miezi miwili au zaidi kabla, kueleza idadi ya wanafunzi, siku na madhumuni, na kuuliza viwango vya ada kwa wanafunzi pamoja na hali ya barabara. Njia mojawapo huanzia Chimala, kiasi cha kilomita 80 mashariki ya Mbeya kwenye barabara kuu ya Dar es Salaam, na kupanda ukingo wa bonde hadi Matamba. Njia hiyo huitwa Hamsini na Saba, kwa idadi ya kona zake kali. Wakati wa mvua yataka gari imara, fupi, na dereva aliyeizoea. Basi refu haliwezi kufurahia kona hizo. Njia nyingine hutokea Isyonje, kwenye barabara ya Mbeya na Tukuyu. Ipi itumike ni jambo la kuamuliwa kwa taarifa za wiki ile ile, wala si kwa mazoea ya mwaka jana.

Kila mwanafunzi awe na sweta, koti la mvua au hata kipande cha nailoni, viatu vilivyofungwa na soksi mbili. Katika kimo cha mita 2,600 mgandamizo wa hewa ni karibu robo tatu tu ya ule wa pwani, hivyo mtu akipanda kilima upesi atahema kuliko alivyozoea. Wenye pumu wajulikane kabla ya kuondoka. Mpishi naye aarifiwe: maji huchemka huko kwenye nyuzi 91 hivi, si 100, na maharagwe yatachukua muda mrefu kuiva. Shule iliyopanga kula maharagwe saa sita mchana itayala saa tisa. Wali na mayai ni salama zaidi, au maharagwe yapikwe bondeni.

Siku ya kutembea ianze mapema. Katika msimu wa mvua asubuhi aghalabu huwa na mwanga, na mawingu hukusanyika baada ya adhuhuri. Wadudu wachavushaji hufanya kazi jua linapowaka; nyuki asiyepata joto harushi mbawa. Saa tatu hadi saa sita ndizo saa zenye thamani, na ni kosa kuzitumia kwa hotuba za ukaribisho.

Kazi za uwandani

Kutembelea maua bila kazi maalumu huishia kwenye picha za kikundi. Kazi ya kwanza yenye manufaa ni rahisi na haigharimu kitu. Kamba yenye urefu wa mita 4 ifungwe kuwa mraba wa mita moja kila upande, ilazwe taratibu juu ya majani, na wanafunzi wanne wahesabu aina za mimea zilizomo. Hawahitaji kujua majina. Waziite A, B, C, wachore jani na ua la kila moja, waandike rangi na urefu. Kisha mraba wa pili uwekwe hatua ishirini mbele, na wa tatu, na kadhalika, kila safari zikihesabiwa aina mpya tu. Mwanzoni aina mpya huwa nyingi, baadaye hupungua. Tarakimu hizo zikichorwa kwenye karatasi ya grafu hutoa mstari unaopanda kwa kasi kisha kulala. Mahali unapoanza kulala ndipo kikundi kinapoweza kusema kimepata sehemu kubwa ya aina za eneo lile. Grafu hii ni ya kweli kuliko nyingi za kitabuni, kwa sababu mwanafunzi amelowa magoti kwa ajili yake.

Kazi ya pili ni ya subira. Wanafunzi wawili wakae mbele ya shina moja la Kniphofia, hatua tatu mbali, kwa dakika 15, waandike kila mgeni anayefika, saa aliyofika na ua aliloligusa. Maua ya mmea huo hufunguka kuanzia chini kwenda juu. Je, mgeni huanzia chini au juu? Chozi, ndege mwenye mdomo mrefu uliopinda, hutua wapi? Kikundi kingine kifanye hivyo hivyo kwa okidi, na wasishangae dakika zote zikipita bila mgeni yeyote. Ukurasa mtupu wenye saa na tarehe ni matokeo, na uandikwe hivyo.

Macho yakichoka na ardhi yainuliwe. Uwandani huishi tandawala wa aina kubwa, atembeaye majanini kwa maringo. Mbayuwayu wa buluu, ndege ambaye idadi yake duniani ni ndogo na inapungua, huja kuzaliana hapa msimu wa mvua. Katika misitu ya miteremko ya Livingstone yupo kipunji, nyani wa mitini ambaye wanasayansi walimtangaza mwaka 2005 tu, ingawa wawindaji wa huko walikwisha kuwa na jina lake.

Kuhusu kuchuma, sheria ya hifadhi ni wazi: hakichumwi kitu. Baadhi ya walimu waliozoea kutengeneza mikusanyo ya mimea iliyokaushwa huona ugumu wa jambo hili. Kwa kazi za shule mchoro wa penseli pamoja na vipimo hufundisha zaidi kuliko ua lililokandamizwa gazetini, kwa kuwa mkono hauwezi kuchora kile ambacho jicho halijakiona. Kuna pia suala la miguu. Wanafunzi arobaini wakitawanyika watakanyaga mahali arobaini; wakifuatana katika mstari mmoja juu ya njia iliyokwisha kanyagwa watakanyaga mahali pamoja. Udongo uliolowa hushikamana ukikanyagwa, na shina changa la okidi likivunjika kabla ya kushusha chakula kwenye kiazi kipya, hasara yake itaonekana mwaka ujao, wakati mkanyagaji hayupo.

Kazi ya mwisho ni ya shule nzima na haiishi kwa siku moja. Daftari gumu lifunguliwe, liitwe daftari la Kitulo, na kila mwaka shule inapokwenda iandike mambo yale yale: tarehe mvua zilipoanza, tarehe ya ziara, joto la asubuhi na la adhuhuri, idadi ya aina zilizochanua ndani ya miraba, na zipi zilikuwa katika tumba, katika ua au katika tunda. Tarehe ya ziara isibadilishwe ovyo. Shule iliyochagua Jumamosi ya pili ya Februari ibaki nayo. Mwaka mmoja wa kumbukumbu hizo haumwambii mtu jambo kubwa. Ikifika miaka kumi, mwalimu mwingine na wanafunzi wengine wataweza kuuliza kama maua yanawahi au yanachelewa, na kama mvua za Novemba bado ni za Novemba, wakati huu ambapo hali ya hewa ya dunia inabadilika na walimaji wa viazi wa Makete nao wanauliza hilo hilo. Nakala moja ya daftari ipelekwe ofisi ya hifadhi kila mwaka, ili isipotee pamoja na kabati la shule.

Kushuka kuanze kabla ya saa tisa alasiri. Ukungu ukishatanda juu ya Hamsini na Saba, dereva huhesabu kona kwa kusikiliza.